Bakuli la Mama Manka

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Salum. Bibi yako mzima, na shangazi yako kajifungua wa kike. Ila tangu uliposema wenyeji wako huko ugenini ni wawindaji, roho yangu haijatulia. Unauliza ufanyeje wakikupakulia nyama usiyoijua.

Nilipoolewa tu hapa Kariakoo, Mama Manka, Mchaga wa chumba cha pili na shoga yangu pekee katika nyumba ile, aliniletea bakuli la nyamapori, akasimama kuniangalia. Nyama nyeusi, inanuka moshi. Kama ni ngiri, kwangu haramu. Nikikataa, nampoteza shoga. Nikakoroga mchuzi mpaka ukapoa.

"Kula basi, shoga!"

"Mama Manka, mnyama gani huyu?"

Akachungulia mlangoni. "Hata mimi sijui. Baba Manka kaleta, kasema nipike nisiulize. Nikasema ngoja wewe uonje kwanza."

"Kumbe mimi ndiye paka wenu wa kuonjeshwa?"

Tulicheka hadi tukakaa chini. Tukala wali kwa dagaa, sisi wawili, na Baba Manka tukamwachia sufuria nzima.

Wewe uliza tu, mume wangu. Pengine hata aliyepika anaomba mtu aulize.

Bibi yako