Pacha Wangu wa Mti

Newala, Alhamisi

Natamani kesho asubuhi nirudi zangu Masasi, kabla ya ngoma ya Jumamosi.

Kilwa nimeiandika, Bagamoyo nimechora mlango mmoja mmoja, wala hakuna aliyenigeuzia kalamu. Leo nimemaliza kuchora boma la zamani, nikapita kwa Baba Saidi, anayechonga vinyago vinavyovaliwa kichwani na wachezaji wa ngoma ya mapiko. Kumsalimia tu.

"Shikamoo, Baba Saidi."

"Marahaba. Ingia, pacha wako amefika."

Kinyago kilikuwa mkekani. Miwani yangu. Pengo langu. Nywele zilikuwa za mtu kweli, na juzi mimi nimenyoa pale sokoni.

"Wewe si unatuandika?" akasema, wala hacheki. "Na sisi tumekuchonga. Jumamosi utacheza."

"Mimi kucheza sijui."

"Si wewe. Atacheza huyu."

Nilidhani ninachoogopa ni kuchekwa. Hata nywele ningezisamehe.

Lakini jicho la kulia amelitoboa vizuri, la kushoto ameliacha limezibwa. Nami sijamwambia mtu, hata Mama Rehema nyumbani, kwamba la kushoto halioni tena.