Mkono wa Evodi Kwenye Sinia

Kaniha, Biharamulo

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, asije akasema nimemsahau. Mgongo wako umepoa tangu mlipovuna maharage? Mimi mzima, tena nimenenepa. Ule wasiwasi kwamba utafiti utanikondesha umrudishie shangazi aliyeuanzisha.

Mwanzoni kazi ilinigomea. Nilipita kwa watu nikieleza kwamba chuo kimenituma kujua bangi inawafanya nini wanaovuta, akilini na katika maisha yao. Nani anijibu? Walidhani ni polisi. Mzee mmoja alinizungusha shamba lake lote la mihogo, shina kwa shina. "Angaria mwenyewe, mwarimu. Hapa hakuna kitu."

Aliyeniokoa ni Mama Zainabu, mwenye nyumba wangu. Aliniambia, "Wewe Mhangaza unauliza kama hakimu. Weka karatasi zako, njoo umenye ndizi." Basi nikawa namenya na kina mama wa hapa, na maneno yakaja yenyewe. Wapo waliosema vijana wao wanavuta na bado wanalima kama kawaida. Wengine vijana wao hawalali, wanasikia sauti, wanawaogopa ndugu zao wa damu. Nikamkumbuka mdogo wangu Evodi alivyokuwa anatuambia majirani wanamsengenya ukutani. Nilisingizia moshi wa jikoni, nikafuta machozi.

Juzi mmoja wa kina mama hao aliniletea mwanawe. Jina lake nimemwahidi kulihifadhi, ila ameniruhusu nikusimulie. Alivuta, akaugua, wakampeleka hospitali. Sasa anatumia dawa na bangi ameacha. Nikamuuliza alijuaje kwamba amepata nafuu. Nilitegemea aseme ni siku zile sauti ziliponyamaza, yeye akacheka.

"Dada, nilipokuwa naumwa, mama alinipakulia peke yangu, sahani imejaa. Kila mtu ananisemesha polepole. Nilikuwa mgeni kwetu. Siku moja nikaenda kukaa kwenye sinia bila kuitwa, nikachukua ndizi ya upande wa mdogo wangu. Mama akanichapa mkono. 'Kula mbele yako!' Nikasema aah, sasa nimerudi."

Mama yake alikuwa pembeni, akajifunika uso kwa kanga, sijui kwa aibu au kwa furaha.

Mama, ile sahani ya bluu unayompakulia Evodi naijua. Najua unaijaza kuliko za wengine, na najua Baba alisema ale kule nyuma ili kelele zetu zisimshtue. Mlifanya kwa upendo, na wakati ule huenda ilikuwa sawa. Lakini uliponipigia simu ulisema analala vizuri, bangi hajaigusa tena, na ameomba jembe mwenyewe. Nilifurahi mpaka Mama Zainabu akaniuliza kama nimechumbiwa. Mtu anayeomba jembe anaweza kula na wenzake. Sisemi sinia ni dawa. Vidonge asiache hata akijiona mzima, na kliniki mpelekeni kila anapoitwa. Ila naogopa asije akapona halafu sisi tukaendelea kumuuguza.

Zungumza na Baba taratibu, akiwa ameshiba. Akikataa, mwambie nitakuja huko Mugoma mimi mwenyewe nikae na Evodi kule nyuma, tule wawili kwenye hiyo sahani ya bluu, Baba aone kama atavumilia maneno ya majirani.

Msalimie bibi mzaa baba, na umwambie dawa yake ya kikohozi nimeipata. Msalimie shangazi, na mama mkwe wake anayenidai mjukuu. Mwambie Evodi namkumbuka sana na kwamba ile redio yake sijaiharibu.

Na siku atakapokaa kwenye sinia, akinyoosha mkono kuchukua ndizi ya upande wa Baba, nakuomba mama yangu, usimwonee huruma. Mchape.

Ni mimi binti yako,
Adela