Habari Anayoikumbuka Mama

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mbinga nzima imepumzika, sisi tuko ofisini tunafunga magazeti ya wiki iliyopita yaliyorudi bila kuuzwa. Waandishi tuko wawili tu, mimi na Stella. Mimi ni mwenyeji hapa. Yeye kapanda juzijuzi kutoka Ngumbo, kule chini ufukweni, bado ananuka ziwa. Hapana, hanuki. Anapendeza, na hilo nalo linaniudhi.

Bosi katangaza kuwa kuanzia mwezi ujao ukurasa wa kwanza utakuwa na mwandishi mmoja wa kudumu. Hatachagua yeye mwenyewe. Atapita sokoni kuwauliza wasomaji wanakumbuka nini. Nimecheka kimoyomoyo. Ukurasa ule ni wangu.

Alhamisi, 10 Julai

Gazeti limetoka. Yangu iko juu. Mashine ya chama cha ushirika ya kumenya kahawa pale Mapera itafungwa wiki nzima kuanzia Jumatatu, kahawa ipelekwe Kitura. Habari ya maana, maana kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inachacha. Nimeiandika inavyotakiwa: "Wakulima wanaarifiwa kuwa huduma itasitishwa kwa muda ili kupisha matengenezo." Safi. Hakuna kosa hata moja.

Ya Stella iko chini. Wamatengo fulani, watu wa huku kwetu milimani, walishuka Ngumbo kupeleka posa. Wakaandaliwa dagaa. Wakakata vichwa vyote, wakavipanga pembeni mwa sahani. Kesho yake mama wa binti akawapikia vichwa vilevile kwa nyanya, akakaa mbele yao mpaka wakamaliza. Posa ikapokelewa.

Hiyo nayo ni habari?

Jumamosi, 12 Julai

Dada anayeniuzia chapati kanisimulia vichwa vya dagaa mwanzo mwisho. Fundi cherehani naye vivyo hivyo. Dada wa chapati kaongeza pilipili. Nikamwambia haikuwemo pilipili, ni nyanya tu. Yaani nasimama barabarani kumsahihishia Stella habari yake!

Nikamuuliza kuhusu mashine ya Mapera. "Mashine gani?" Na gazeti lilikuwa mezani pake, kalifungia chapati. Maneno yangu yalikuwa yameloa mafuta.

Roho inaniuma.

Jumatatu, 14 Julai

Mama kapiga simu jioni kutoka Mapera, sauti imekwisha. Alibeba kahawa yake mpaka kwenye mashine, akakuta kufuli. Akadhani fundi kachelewa. Akakaa juu ya gunia kutwa nzima. Akarudi nayo nyumbani imeshaanza kupata moto. Sasa kaianika na maganda yake, na ya maganda haina bei.

Nikamuuliza, "Mama, gazeti si nilikutumia?"

"Nimelisoma lote, mwanangu. Wale watu na vichwa vyao vya dagaa, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini!"

Nilikata simu kabla sijamjibu vibaya.

Jumanne, 15 Julai

Soko. Bosi anauliza, mimi na Stella tumesimama nyuma yake kama washtakiwa. Dagaa. Dagaa. Dagaa. Mmoja kakumbuka tangazo la dawa ya meno. Mzee mmoja tu ndiye aliyenikumbuka. "Si ile ya mashine kufungwa Kitura?" Nilitaka kulia pale penye nyanya za watu.

Ukurasa kapewa Stella. Kaja kunipa mkono. "Pole, dada Edita." Nikapasuka. Nikamwambia vichwa vyake vya dagaa vimeozesha kahawa ya mama yangu mzazi. Nikamweleza yote, kufuli, gunia, kutwa nzima. Machozi yalimlengalenga. Nikamchukia zaidi.

Jumatano, 16 Julai

Stella hayupo ofisini. Bosi anasema kaenda Mapera. Kufanya nini Mapera? Kule ni kwetu.

Alhamisi, 17 Julai

Ukurasa wa kwanza. Mama. Jina lake, gunia lake, kufuli. Stella alimwomba ruhusa, Mama akampa, na maharage akampa. Bosi anasema Mama alimwita "mwanangu".

Mtoto wa kumzaa ni mimi. Habari hii nilikuwa nayo mdomoni tangu Jumatatu. Wiki hii na mimi niliandika juu ya kahawa. Niliandika "baadhi ya wakulima wamepata hasara".

Nina wivu. Naandika neno lenyewe nilione. Wivu.

Ijumaa, 18 Julai

Dada wa chapati: "Mama yako kahawa yake imeponaje? Maskini, na Kitura mashine ilikuwa inafanya kazi!" Kitura. Kaitamka mwenyewe bila kuulizwa.

Sikununua chapati.

Jumapili, 20 Julai

Mapera, baada ya misa. Watu walimzunguka Mama pale nje ya kanisa kumpa pole. Wote walijua mashine inafunguliwa kesho, maana Stella kaiweka taarifa hiyo mwishoni, baada ya gunia. Wameshapanga kuchuma alfajiri.

Nyumbani tuligeuza kahawa ya maganda kwenye mkeka. Inanuka kama pombe. Ukurasa wa Stella umebandikwa ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Magazeti yangu nayo yapo, yametandikwa kwenye kabati la vyombo.

Mama alikuwa na furaha, sikumharibia. Tukala ugali na maharage. Akaniuliza kwa upole, bila nia mbaya kabisa, "Na wewe wiki hii uliandika nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Sikupata hata sentensi moja.

Lakini hii ya Stella naiandika hapa bila kuangalia ukutani: "Mama Anastazia alikaa juu ya gunia lake, mbele ya kufuli, akaanza kuwapangia wajukuu sare za shule."