Dushi ya ndani ya gari ya Ramazani

Jumatatu, 3/6
Leo tena chini ya gari ya Ramazani, vumbi mpaka masikioni. Siku ya pili. Gari-nyumba, ndivyo anaiita: kitanda, jiko na dushi, vyote ndani, vyote vinatembea. Alinunua kwa Wazungu wawili waliochoshwa na barabara zetu. Anataka kumpeleka mama yake Kabambare, kule binti ya mama amezaa. Mama huyo ni yaya yangu Zaina, dada yangu mukubwa. Tangu aanguke akavunjika nyonga, pikipiki hapandi, na choo ya watu hawezi kuchuchumaa. Ndani ya gari atalala, ataoga, atatawadha. Bila dushi haendi. Amekwisha sema.

Na dushi yenyewe: sakafu ya plastiki, nyepesi kama ganda la yai. Nimekanyaga, imebonyea, imelia. Yaya anasema inamuongelesha. Anaogopa kuanguka tena. Wazungu wanarusha mutu mpaka mwezini, sakafu ya kuogea inawashinda. Ovyo.

Jumanne, 4/6
Nimeng'oa ile plastiki. Chini yake frigolité, ile povu ngumu nyeupe, imeoza, na ubao wa tripleksi laini kama mukate ndani ya chai. Nimeichota kwa mikono. Nimecheka peke yangu.

Ramazani ameniletea Kalonda, fundi wa vyuma kutoka Kabambare. Bila kuniuliza. Mimi, niliyejenga choo ya padri kule Wamaza, tembo akalala juu yake, haikupasuka. Huyu mutoto wa juzi, kalamu sikioni. Anapima, anaandika, anapima tena. Nilidhani anatushonea suti.

Jumatano, 5/6
Mbao za libuyu, ngumu, kavu. Kila shibiri moja ubao. Kole ya kugandisha. Tripleksi mpya. Juu yake plastiki yao, basi wafurahi. Kisha kuinamisha kidogo, maji yafuate tundu la kutokea. Nikatoa mupira wangu wa nivo, ule mrefu wa kupimia usawa, umejaa maji, haujanidanganya miaka ishirini. Upande wa tundu ulikuwa chini mno; nikatia kabari upande huo mpaka mupira ukakubali: vidole viwili. Safi.

Kalonda akasema, "Mjomba, udongo wa parsele hii umeinama, na gari imeinama nao. Tupige kriki kwanza, tuinue upande ulio chini, gari ikae sawa."

Nikamwambia, "Nimejenga nyumba arobaini. Hakuna hata moja iliyoniomba kriki."

Watu wamecheka. Amerudisha kalamu sikioni. Vizuri.

Alhamisi, 6/6
Nimeruka juu ya sakafu mara kumi. Kimya. Nimemwita jirani muuza chumvi, yule munene. Ameruka naye. Kimya. Ndoo nzima ya maji imeenda kwa tundu kama imeitwa.

Yaya amesimama juu yake, mukono kwa ukuta. "Mudogo wangu, haiongei tena." Nimejisikia mukubwa. Kalonda yeye alikuwa anaangalia magurudumu. Mutu wa wivu.

Ijumaa, 7/6
Hasira.

Baada ya swala Ramazani ametoa gari mpaka uwanja ulio sawa karibu na soko, watu waone. Yaya akaingia kuoga na kutawadha kwa alasiri. Maji hayakwenda kwa tundu. Yalirudi mulangoni, yakapita chini ya kitanda, na sabuni juu yake. Mguu wake ukateleza. Nilimudaka kwapani. Mzito.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Nitabaki Kasongo. Mujukuu nitamuona akikua." Afadhali angenitukana.

Kalonda alichukua kitambaa, akaanza kukausha chini ya kitanda. Nimemuchukia kwa hilo.

Jumamosi, 8/6
Nimeenda kwa Kalonda alipofikia. Nilikuwa na maneno mengi njiani. Nilipofika nimesema, "Leta kriki." Ilikuwa tayari karibu na mulango. Hilo nalo limeniudhi.

Pale pale uwanjani. Mupira wangu kutoka gurudumu hadi gurudumu, yeye anapandisha, mimi nasoma maji. Hata pale ilikosa kidole kimoja. Gari ikakaa sawa. Ndani, tumeinua plastiki tena, kabari zangu zote za upande wa tundu nje, tumezitia upande wa mulango, vidole viwili. Nyumba haihami, ndiyo sababu sikufikiri. Yeye alishika taa, hakucheka. Kwa fundi wa vyuma, ana mukono muzuri.

Nimemwambia Ramazani: mama asioge mahali pa mulima. Utafute pa sawa kwanza. Yaya alisikia. Akauliza, "Wewe umesimama juu yake?" Nimesema ndiyo. Akamwaga kikombe, akaangalia maji mpaka yakaisha. Akasema wafunge mizigo.

Jumanne, 11/6
Wameondoka juzi. Parsele ni tupu. Alama nne za magurudumu, mbili ziko chini zaidi. Hata kipofu angeziona.

Ramazani amepiga simu. Wamefika Kabambare. Yaya ameoga njiani mara mbili. Sasa amebeba mutoto, hamuachii mutu.

Msikitini nimewaeleza kriki ilikuwa akili yangu. Hapa naandika: ilikuwa ya Kalonda.

Mupira wa nivo nimeumwaga maji. Nimeutundika kwa musumari wake.