Mume Wangu Hajui Kwamba Ametengeneza Mchezo wa Video

Tantine Yolande mpendwa,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, leo nimeapa nitaandika bila kusimama mpaka niseme lililonileta. Majina nimeyabadili yote, ila mambo yenyewe ni ya kweli na yametokea hapa hapa Kisangani, barazani kwangu, kando ya cherehani yangu.

Mimi ni mshonaji, nina mtoto mmoja, tumwite Feruzi, ambaye Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu anatimiza miaka minane, na baba yake, tumwite Mahmoudi, yuko Yahuma mwezi wa kumi na nne sasa, anakusanya mpunga kwa wakulima, na kule alipo hakuna mtandao wa simu mpaka Jumapili apande baiskeli hadi kijiji kingine, kwa hiyo tunaongea mara moja kwa wiki, tena kidogo, kwa sababu Mahmoudi si mtu wa maneno, hata siku ya kunichumbia mjomba wake ndiye aliyeongea na yeye akawa anatazama soda.

Sasa Jumapili moja mwaka jana akapiga, akasema, "Allo, muko bien? Huku mvua iko mingi. Mupunga iko inaoza. Bon, mutoto iko wapi?" nami kwa furaha nikampa Feruzi simu haraka, na palepale laini ikakatika, mtoto akabaki ameiweka sikioni anasema "Papa? Papa?" kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua, na Tantine, niliumia, niliumia sana, nikasikia kinywa changu kinasema chenyewe, "Papa yako alikuwa ananiambia kitu yako. Iko anakutengenezea jeu vidéo kule Yahuma. Ya kwako wewe tu. Kila Jumapili atanipa kipande ya niveau nikuambie."

Kwa nini mchezo wa video na si kitu kingine? Kwa sababu kwenye avenue yetu kuna salle de jeux, chumba cha michezo ya video chenye jenereta, watoto wanalipa kwa dakika, na Feruzi wangu kila akitoka shule anasimama pale nyuma ya viti vya wanaolipa, hajawahi kushika manette ya kuchezea hata siku moja lakini vidole vyake vinacheza hewani, anajua kila kitu, nani atakufa wapi, mlango upi ni wa uongo, kwa hiyo hilo ndilo lililokuja.

Basi ikawa hivyo, na Feruzi nikamwambia mchezo ni siri, Papa hataki kuulizwa kwa simu. Alasiri nashona, mguu unakanyaga pedali, Feruzi amelala chali juu ya vipande vya vitenge, ananiuliza, "Mama, Papa alisema nini?" nami nafungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Ngazi ya kwanza ilikuwa nyumba ambayo mvua inanyesha ndani na nje kukavu, unakusanya matone kwa kikapu bila kulipasua hata moja. Ya pili, soko ambako samaki ndio wanunuzi, wanapita wamevaa kofia, wanakupima kwenye mizani, na anayecheka anakuwa mwepesi, anapita. Ya tatu ni pale maporomoko ya Wagenia, lakini maji yanapanda badala ya kushuka, na wavuvi wameinua mitego yao kuelekea juu, wanavua mawingu. Ya nne, msitu wa Masako, miti inatembea ukifungua macho, kwa hiyo lazima uyafumbe na umshike wa mbele yako nguo. Ya tano, toleka, baiskeli ya abiria, isiyo na barabara, inakwenda hewani mradi abiria anaimba, akinyamaza inashuka taratibu kama unyoya. Wakati mwingine nilisahau ninashona nini, mteja mmoja nilimshonea mkono wa gauni ukatokea tumboni, sikuona, nilikuwa huko kwenye mawingu na mtoto wangu.

Ngazi ya sita ni nyumba ya Papa. Iko mwisho wa mto, mlango hauna kitasa, unasimama mbele yake unasema jina lako, na mlango unafunguka. Hapo nikashindwa. Sikujua ndani kuna nini. Wiki tatu mtoto ananiuliza, mwisho nikamjibu, "Ya saba, Papa atakuonyesha yeye mwenyewe akirudi." Nilisema hivyo kwa sababu Mahmoudi hakuwa amesema lolote kuhusu kurudi, na nilidhani neno "akirudi" liko mbali.

Tantine, anarudi. Anafika Ijumaa na boti ya Isangi, siku moja kabla ya sikukuu ya mtoto. Na Feruzi amealika watoto kumi na wanne kwa vikaratasi alivyokata kwenye maboksi, akachora manette, akaandika "Anniversaire: Jeu ya Papa Yangu." Kuna mtoto wa darasa lao, tumwite Amuri, kwao wana mashine ya kweli, akamcheka mbele ya wote, "Hauna hata télé, hiyo jeu utaiweka wapi? Papa yako anajua mupunga tu." Na mwanangu akamjibu pole pole, nilimsikia kwa masikio yangu, "Kuja utaona. Iko na niveau sita. Ya saba iko naye kule Yahuma, anaileta."

Sasa sijui nifanye nini. Nikodi mashine niseme Papa ameituma? Pesa zenyewe sina, na watoto watagundua kwamba ndani yake hakuna samaki wenye kofia. Nimfundishe Mahmoudi ngazi zote kwa simu katika dakika anazokuwa hewani, yeye ambaye "nakupenda" ameniandikia mara moja tu, kwa ujumbe, tena akakosea herufi? Niseme mtoto mgonjwa, sikukuu imeahirishwa?

Na kuna kingine, nakiandika haraka kabla sijaogopa. Yule Mahmoudi wa mchezo nimemzoea. Nimemfanya mchekeshaji, ana huruma, anamwaza mwanawe mchana kutwa. Yule wa kweli akipiga na kusema habari za magunia, mimi nataka akate haraka nirudi kwa yule mwingine. Naogopa Ijumaa pale bandarini atashuka mume wangu, nami nitakuwa natazama nyuma yake kama kuna mwingine anashuka.

Nisaidie,
Mama Mshonaji, Kisangani

*

Mama Mshonaji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kabisa kwamba kazi yangu ni kushauri, nikawa nataka kujua wale samaki walinunua nini. Mara ya pili nikakasirika. Nitaanza na hasira, tuimalize.

Umekosa, dada yangu, na umekosa mara mbili. Kumliwaza mtoto aliyekatiwa simu si kosa, mama yeyote angefanya. Kosa la kwanza ni kumjengea baba wa kusadikika ghorofa baada ya ghorofa, mwaka mzima, kisha ukamwambia yule wa nyama na damu aje akae ndani. Hatatosha. Hakuna mwanaume ambaye angetosha, na wangu angekuwa wa kwanza kukimbia. Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Ulibuni kitu kizuri kiasi hicho kwa kichwa chako mwenyewe, huku mguu uko kwenye pedali, na sifa yote ukampa mtu mwingine. Mtoto wako anajua kwamba mama yake anashona. Hajui kwamba mama yake ndiye anayefanya maji ya Wagenia yapande. (Na mimi ni mtu wa hapo maporomoko, nakuambia maji yakipanda hivyo familia yetu yote italala njaa, lakini nimekusamehe.)

Usikodi mashine. Usimtie mtoto ugonjwa asio nao. Wala usimfundishe mumeo uongo wa kukariri. Mtu anayekosea "nakupenda" atakwama kwenye ngazi ya pili, na Amuri yuko pale anasubiri.

Feruzi mwambie wewe mwenyewe, kabla ya Ijumaa. Usimwite chumbani kwa sauti ya msiba. Mwambie palepale kwenye cherehani, ukiwa unashona, kwa maneno machache: "Ule mchezo ni mimi niliutengeneza. Papa hakujua. Nilisema uongo kwa sababu sikutaka uumie, na nimekosa." Kisha nyamaza. Atalia, au atakasirika, au atakuuliza, "Na samaki pia?" Mjibu, "Na samaki pia." Akinuna siku mbili muache anune, ana haki yake. Usimbembeleze kwa ahadi nyingine. Ahadi zako zimetosha mwaka huu.

Sherehe ifanyike, na watoto wote kumi na wanne waje. Mashine huna, lakini una vipande vya vitenge vya kufunika ua mzima. Maboksi omba kwa wenye maduka, wanayatupa. Anza saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tundika chandarua cha zamani, kifunge matone ya vitambaa, hiyo ni nyumba ya mvua. Mizani fanya kwa mti na mabeseni mawili, na tafuta jirani mmoja asiyecheka ovyo avae kofia awe samaki. Vitambaa vya bluu vitundike kwa kamba toka ukuta hadi ukuta, watoto warushe mipira ya matambara juu, wenzao waidake kwa vikapu. Msitu ni kufumba macho na kushikana nguo, hauhitaji kitu. Toleka iwe kiti kilichobebwa na watoto wanne, na abiria aimbe. Baiskeli ya kweli usilete, watoto kumi na wanne na baiskeli moja mtamalizia dispensaire.

Kila mtoto umfunge riboni tatu mkononi, hizo ndizo roho zake. Akikosea anatoa moja. Na hapa nisikilize vizuri. Akimaliza zote tatu asitolewe nje kutazama wenzake. Apewe ngazi ya kulinda, awe yeye samaki, awe yeye mti. Mwanao amesimama nyuma ya viti vya wengine kiasi cha kutosha. Siku yake asiwepo hata mmoja wa kusimama nyuma, hata Amuri, ambaye nakushauri umpe kazi ya kubeba toleka, ile dharau imtoke kwa jasho.

Chakula usihangaike. Mikate ya mafuta ya asubuhi ile ile, beseni moja kubwa, na juisi ya tangawizi badala ya sucré, zile soda za chupa. Keki pika kwenye sufuria juu ya mchanga wa moto, makaa kidogo chini na makaa kidogo juu ya kifuniko, na usifunue kila dakika kuchungulia. Yangu ya kwanza niliifunua mara tisa, tukaila kwa kijiko.

Ngazi ya saba usiitengeneze. Muulize mwenye sikukuu. Mtoto aliyecheza mwaka mzima na vidole hewani hakosi cha kuweka nyuma ya mlango. Na baba yake aanze na ngazi ya kwanza, afungwe riboni tatu kama wengine, ashike kikapu, apotee msituni, na mwanawe amwongoze. Wanaume wasio na maneno mara nyingi hucheza vizuri sana. Utashangaa.

Sasa hilo uliloliandika haraka. Halinishangazi na halinitishi. Umekaa peke yako miezi kumi na minne, ukajitengenezea mwenzako wa kuongea naye. Lakini nijibu kwa uaminifu: tangu siku ile laini ilipokatika, umemuuliza Mahmoudi swali gani ambalo si la magunia? Unalala wapi, unakula nini, nani anakuchekesha huko, mvua ikinyesha juu ya mpunga wako unakaa unawaza nini? Unasema yule mwingine anamwaza mtoto mchana kutwa. Na huyu? Anaendesha baiskeli hadi kijiji kingine kila Jumapili, mvua na jua, kwa ajili ya dakika chache ambazo wewe unataka azimalize haraka. Hilo halikukupita kichwani, wewe mwenye kichwa cha kuvua mawingu?

Kwa hiyo Jumapili akipiga, usimpe nafasi ya kuanza na mpunga. Mwambie yote kwa mpangilio, simu iliyokatika, mchezo, watoto kumi na wanne, uongo wako wote. Yeye aambiwe kabla ya Feruzi, maana amesemewa mwaka mzima bila kuulizwa. Laini ikikatika, mngoje apige tena, na akipiga, endelea palepale ulipoishia. Huyo mwanaume yuko Yahuma anadhani huku nyumbani mnangoja mpunga. Mwambie mnayemngoja ni yeye.

Tantine Yolande