Milioni Moja na Moja

Sabrina, niko jikoni nalia 😭

Baba kamuuliza Abuu wangu lile swali lake la kupima wachumba, mbele ya washenga: "Milioni moja na moja inagawanyika kwa ngapi?"

Abuu fasta: "Mia moja na moja, mzee. Unapata elfu tisa mia tisa na moja."

Baba akasema hapana. HAPANA! Eti ni namba tasa, haigawanyiki!

Baba huyu huyu, mwalimu wa hesabu wa Mlali nzima! Jibu alinifundisha yeye!

Nikamkumbusha. Akanitazama kama anayetazama mgeni: "Kwani wewe ulisoma kwangu mwaka gani, binti?"

Sabrina. Mwaka gani!

Abuu akainama: "Nimekosea, mzee. Haigawanyiki."

Baba akacheka, akampa mkono, posa ikapita.

Sasa hivi wanapiga vigelegele sebuleni, na baba hajui anamwoza nani.