Mazalia ya Samaki Kwenye Seva Yetu

Jumatatu, tarehe 4
Kontena, ile programu ya kuchora ramani kwenye seva, imeanguka tena. Mara ya tatu leo. Nchi nzima ni kubwa mno kwa kompyuta hii kuukuu. Nimebakiza jimbo letu la Tshopo peke yake. Faustin, mwenzangu wa ofisini, kaleta kwanga ya muhogo tule, kasoma makosa kwenye skrini huku anacheka. Bila yeye ningeshaitupa mashine hii mtoni.

Jumatano, tarehe 6
Imekubali! Mto umetokea kigae kwa kigae, vipande vidogo vya ramani, kutoka Kisangani hadi Isangi. Nimepiga kelele ofisini kama mwehu.
Mchana nimeingiza mazalia ya samaki, yale waliyonionyesha mjomba wangu, tonton Bosco, na wavuvi wenzake wa Yanonge, kwa pirogi, mtumbwi wao, siku tatu. Wanataka yalindwe msimu wa kutaga. Hawajawahi kuyataja kwa mtu wa mjini. Niliwaapia: ramani itakaa kwenye seva yetu, hapa ofisini kwa chama cha wavuvi. Haitatoka kwenda kwenye intaneti. Ndiyo sababu ya taabu yote hii.
Nenosiri tunalo wawili, mimi na Faustin.

Ijumaa, tarehe 15
Faustin hajaja kazini wiki nzima. Malaria, anasema. Nimempelekea supu. Hayupo kwake. Nimeinywa mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 18
Seva nzito. Nimefungua kumbukumbu zake, zinaandika kila kigae kinachoombwa. Kuna mtu wa nje anaomba vilevile kila siku: mazalia ya Yanonge, kwa ukaribu wa mwisho. Hataki barabara, hataki mji.
Njia ya kuingia kwenye seva kutoka nje ilifunguliwa tarehe 7. Kwa jina la Faustin. Siku moja tu baada ya mimi kushangilia.
Nimezima kontena zote. 

Jumanne, tarehe 19
Nimemkuta bandarini, mzima kabisa, kavaa kofia ya watu wa drague, wale wanaofyonza mchanga wa mto kutafuta dhahabu. Wamempa kazi. Haya hana.
"Ata bila miye bangefika tu. Bon, unakasirika ya nini?"
 Miaka minne tulilala chumba kimoja chuoni. Namchukia. Nenosiri nilimpa mimi.

Jumamosi, tarehe 23
Tonton amepiga simu. Drague mbili zimeegeshwa juu ya mazalia. Maji yamekuwa tope. Akauliza, taratibu, kama ramani bado iko ofisini. Nikasema nitakuja. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, tarehe 24. Yanonge
Nimewaambia wote, baada ya misa. Hakuna aliyefoka. Tonton alisema moja tu: "Tulionyesha weye, hatukuonyesha masini."
Kisha chakula. Hapa kwa tonton tunakula sinia moja, mikono yote pamoja, tangu nilipoota meno. Leo mke wake ameniwekea sahani yangu peke yangu, na kijiko.
Nimekula. Nikasema asante.